Kishale cha Kipanya: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu zinahusu ile alama ndogo inayotembea kwenye skrini mkono unaposogeza kipanya. Tutaiita kishale hata pale inapochukua umbo la mkono, duara au mstari. Majina ya vidirisha na vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu wasomaji wetu wengi hutumia kompyuta zilizowekwa kwa Kiingereza.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari na mwaka huu tumepata projekta. Ninapoonyesha ramani, wanafunzi wa nyuma hulalamika kwamba hawaoni ninachoelekeza, maana kishale ni kidogo tena cheupe, na ramani nazo zina sehemu nyingi nyeupe. Nimejikuta narudi kwenye fimbo. Je, kuna programu ya kununua itakayonisaidia? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, usinunue chochote, kwa kuwa unachokihitaji kimo tayari ndani ya kompyuta yako. Ikiwa unatumia Windows 11 au toleo la karibuni la Windows 10, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi U. Ukurasa wa huduma za watu wenye mahitaji maalumu utafunguka, na humo utaona sehemu ya kishale cha kipanya yenye kipimo cha ukubwa kinachoanzia 1 hadi 15, pamoja na uchaguzi wa rangi: nyeupe, nyeusi, ya kugeuka, na ile unayojichagulia mwenyewe.

Wengi wakifika hapo husukuma kipimo hadi mwisho, na matokeo yake ni kishale kinachofunika mkoa mzima kwenye ramani. Kwa darasa la kawaida, kipimo cha 4 hadi 6 kinatosha, kwa sababu kinachomsaidia mwanafunzi wa nyuma ni rangi zaidi ya ukubwa. Epuka njano, ambayo projekta nyingi huififisha hadi ikakaribia weupe wa ukuta. Epuka pia kijani na buluu, maana hizo ndizo rangi za misitu na maziwa katika ramani zako. Rangi ya waridi iliyokolea, ile inayokaribia zambarau, haipatikani mara nyingi katika ramani za shule, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayokushauri uitumie.

Kuhusu ile rangi ya kugeuka, ambayo hufanya kishale kiwe cheusi juu ya weupe na cheupe juu ya weusi, tahadhari moja inahitajika. Kompyuta huchukua rangi iliyo chini ya kishale na kuigeuza kinyume chake. Sasa, kinyume cha kijivu cha katikati ni kijivu hicho hicho, au kinachokaribiana nacho sana. Ramani zenye vivuli vya milima zimejaa kijivu cha namna hiyo, na kishale chako kitatoweka papo hapo unapofika kwenye safu ya Uluguru. Kwa maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe ni chaguo zuri. Kwa ramani sivyo.

Jambo la mwisho ni la kukusaidia wewe mwenyewe uliyesimama karibu na meza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, kisha ubonyeze Enter. Katika kichupo cha "Pointer Options" kuna kisanduku kinachoruhusu kitufe cha Ctrl kionyeshe kishale kilipo kwa duara linalosinyaa kukizunguka. Kiwashe. Kando yake utaona kisanduku kingine kinachokipa kishale mkia wa vivuli. Hicho kiache, kwani ukutani mkia huo huchanganya macho ya wanafunzi kuliko unavyoyaongoza. Na kama kompyuta ya shule bado ni ya Windows 7, kidirisha hicho hicho cha main.cpl kina seti za vishale vikubwa zilizokwisha kutengenezwa, vyeusi na vya kugeuka, ndani ya kichupo cha "Pointers".

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na ninapenda kuchora. Nimechora jahazi zuri kwenye kompyuta, nikaihifadhi picha kama PNG, kisha nikabadilisha mwisho wa jina lake uwe .cur ili niifanye kishale. Windows imeikataa. Rafiki yangu akaigeuza kwa programu fulani ya mtandaoni, ikakubalika, lakini sasa nikibofya kitu, kinachofunguka ni kitu kingine kilicho juu yake. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Marahaba, kijana. Matatizo yako mawili yana chanzo kimoja. Kubadilisha herufi za mwisho wa jina la faili hakubadilishi kilichomo ndani. Windows inapofungua faili ya kishale husoma kwanza mwanzo wake, ambapo hutarajia kukuta namba 2 inayosema kwamba hiki ni kishale. Faili ya aikoni, ambayo ni ndugu yake wa karibu sana, huwa na namba 1 mahali hapo hapo. Kisha hufuata idadi ya picha zilizomo, na kwa kila picha huandikwa upana, urefu na namba nyingine mbili zinazotaja pikseli (nukta ndogo ya picha) moja tu: ile inayobofya. Faili ya PNG haina mwanzo wa namna hiyo wala nafasi iliyotengwa kwa namba hizo mbili, kwa hiyo ilikataliwa kwa haki.

Hizo namba mbili ndizo zinazokusumbua sasa. Wewe unaona jahazi zima, lakini kompyuta haiangalii tanga wala mlingoti. Inaangalia ile nukta moja ya kubofya, ambayo huhesabiwa kutoka kushoto na kutoka juu kwa kuanzia sifuri. Programu aliyoitumia rafiki yako, kwa kuwa haikuambiwa lolote, imeiweka nukta hiyo sifuri kwa sifuri, yaani kwenye pembe ya juu kushoto ya picha. Jahazi lako bila shaka umelichora katikati, na pembe hiyo ni tupu. Unapoweka omo ya jahazi, yaani ncha yake ya mbele, juu ya faili, nukta halisi iko juu zaidi na kushoto zaidi, ikibofya jirani.

Ungeweza kuihamisha nukta hadi kwenye omo na tatizo likaisha, lakini ninapendekeza uugeuze mchoro wenyewe. Watumiaji wa kompyuta wamezoea kishale kinachoelekea juu kushoto, na mazoea hayo yana historia. Katika maonyesho ambayo Douglas Engelbart, mvumbuzi wa kipanya, aliyafanya San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, ambapo kipanya kilionekana hadharani, alama ya kwenye skrini ilielekea juu wima. Watafiti wa kampuni ya Xerox waliotengeneza kompyuta ya Alto mwaka 1973 walikuwa na pikseli 16 kwa 16 tu za kuchorea kishale, na kwa pikseli chache namna hiyo mshale uliosimama wima hauonekani vizuri; ukiulaza kidogo, upande wake mmoja unakuwa mstari ulionyooka na mwingine unashuka kwa nyuzi 45, na yote mawili huchoreka bila kuparuza. Skrini zimekuwa na pikseli nyingi tangu hapo, lakini mlalo ule umebaki.

Jahazi, kwa bahati, limeumbwa kwa kazi hii. Lichore omo ikitazama kulia na tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikitazama kushoto. Foromali, ule mti unaoshika tanga, huteremka kuelekea omo na kupanda kuelekea nyuma, kwa hiyo ncha yake ya juu, na ncha ya tanga pamoja nayo, itachoma juu kushoto kama kishale kinavyopaswa. Ifikishe ncha hiyo hadi kwenye pembe kabisa ya picha, iache nukta ya kubofya kwenye sifuri kwa sifuri, na jahazi lako litabofya pale linapoelekeza.

Sasa kuhusu uchoraji. Usichore picha kubwa kisha uipunguze. Kishale cha kawaida cha Windows ni pikseli 32 kwa 32, jumla 1,024, na kamba, nanga na mabaharia vikipunguzwa hadi hapo hugeuka doa lisilosomeka. Fungua ukurasa mpya wa 32 kwa 32, ukuze mwonekano mara nane au zaidi, uchore pikseli baada ya pikseli, ukibakiza maumbo matatu tu: tanga, foromali na mwili wa chombo. Zungushia mchoro wote ukingo mweusi wa pikseli moja, na ndani utie rangi nyepesi. Ukingo huo si pambo, kwani ndio unaofanya kishale cheupe cha kawaida kionekane juu ya ukurasa mweupe. Sehemu inayozunguka jahazi iwe wazi kabisa, yaani isiwe na rangi yoyote; ukiipaka nyeupe utatembea na kiraka cheupe skrini nzima. Tangu Windows XP ya mwaka 2001 unaweza pia kutumia pikseli zenye uwazi nusu kulainisha mikingamo ya tanga, ila ile ncha inayobofya iwe kavu na kali.

Ukiwa na Greenfish Icon Editor Pro au RealWorld Cursor Editor, ambazo hutolewa bure, unaweza kuchora humo humo, au kuchora katika GIMP kisha ukaifungua picha katika mojawapo na kuihifadhi kama .cur. Ongeza ndani ya faili hiyo hiyo picha za 48 na 64, kwa sababu kompyuta mpakato nyingi za sasa hukuza kila kitu kwa asilimia 150 au 200, na zikikosa picha ya kadiri hiyo huivuta ile ndogo mpaka inakwaruza. Kila picha iwekewe nukta yake ya kubofya. Hapo ndipo wengi wanapopotea: hurekebisha ile ya 32, husahau nyingine, kisha hushangaa kwamba kishale kinabofya sawa kwenye kompyuta moja na vibaya kwenye nyingine.

Unapokuwa tayari, iweke faili mahali pa kudumu, si kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa ambayo utaifagia kesho. Fungua main.cpl, nenda "Pointers", chagua hali unayotaka kuibadilisha, bonyeza "Browse" uitafute faili yako, kisha "Apply". Usisahau "Save As" ili seti yako iwe na jina. Bila hivyo, ukijaribu seti nyingine utalazimika kupanga upya kila kitu.

Utaona kwamba Windows 10 na 11 zinaorodhesha hali 17 za kishale. Usizichore zote. Anza na kile cha kawaida, kile cha viungo vya wavuti na kile cha kusubiri. Kile cha kuandikia maneno, ambacho ni mstari mwembamba uliosimama, kiache kilivyo, maana jahazi lililotia nanga katikati ya sentensi litafunika herufi unazotaka kuzisahihisha. Kile cha kusubiri ndicho uwanja wako wa kujionyesha, kwa kuwa mtu anayesubiri hana kazi nyingine ila kukitazama. Susan Kare, mchoraji wa kampuni ya Apple, alichora saa ya mkononi kwa ajili ya Macintosh ya mwaka 1984, na Windows ikatumia shisha ya mchanga hadi Vista ilipokuja mwaka 2007 na duara la buluu linalozunguka. Wewe lifanye tanga lipige upepo. Kishale kinachocheza huhifadhiwa kama .ani, na muda wa kila picha huhesabiwa kwa sehemu za 60 za sekunde. Ukiandika 10, kila picha itakaa sehemu ya sita ya sekunde, kasi inayotosha kwa picha nne za tanga linalojaa na kulegea. Ukiandika 2 au 3, jahazi litaonekana limeshikwa na dhoruba.

Kabla hujamwonyesha mtu, lijaribu kwenye ile alama ndogo ya kufunga dirisha, kwenye ukurasa mweupe, kwenye ukurasa mweusi na juu ya picha yenye rangi nyingi. Likipita hapo, limepita.

SWALI: Ndugu Mhariri, asalaam alaykum. Binti yangu alipakua programu ya vishale vya bure vya maua na vipepeo. Vishale vilikuja, lakini tangu siku hiyo kivinjari kinafungua matangazo bila kuombwa na ukurasa wa kwanza umebadilika. Je, vishale vinaweza kuwa na virusi? (Mama wa watoto watatu, Maskati)

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Kwa kiasi kikubwa lawama si ya vipepeo bali ya gari lililowabeba. Kishale chenyewe ni faili ndogo ya picha yenye mwisho wa .cur au .ani, na Windows huipokea bila kuhitaji programu yoyote ya kuisakinisha. Mtu anapokupa faili yenye mwisho wa .exe na kudai kwamba ndani yake mna vishale tu, jiulize kwa nini amehitaji kibali cha kuendesha programu kwenye kompyuta yako ili akupe picha.

Biashara hii ni kongwe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 programu iitwayo Comet Cursor ilienea sana kwa kubadilisha vishale vya watu waliotembelea tovuti mbalimbali, na mwaka 1999 ikalaumiwa kwa kufuatilia tovuti ambazo watumiaji wake walizitembelea. Namna ya kupata fedha kwa vishale vya bure haijabadilika sana.

Sitakuficha, hata hivyo, kwamba faili yenyewe iliwahi kuwa hatari. Mwaka 2007 iligundulika kwamba Windows, Vista ikiwamo, haikukagua vyema urefu wa sehemu fulani ndani ya faili za .ani, kiasi kwamba mtu aliyefungua ukurasa wa wavuti wenye kishale kilichotengenezwa kwa hila angeweza kutwaliwa kompyuta yake. Microsoft ilitoa marekebisho tarehe 3 Aprili 2007, bila kusubiri siku yake ya kawaida ya kila mwezi. Kompyuta inayopokea masasisho haina hofu na tundu hilo; ile ambayo masasisho yake yamezimwa ili kuokoa bando ni suala jingine.

Kwa sasa, fungua orodha ya programu zilizosakinishwa, uipange kwa tarehe, na uondoe ile ya vishale pamoja na nyingine zilizoingia siku hiyo hiyo bila wewe kuzijua. Kisha ingia kwenye kivinjari, uondoe viongezi usivyovitambua na urudishe ukurasa wa kwanza. Malizia kwa kuichunguza kompyuta nzima kwa kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows. Binti yako akitaka vipepeo tena, mtafutie kifurushi cha zipu chenye faili za .cur na .ani peke yake. Baadhi ya vifurushi huwa na faili ya .inf inayopanga seti nzima kwa mara moja: ukiibofya kwa kitufe cha kulia utaona neno "Install". Hiyo ni maandishi matupu. Ifungue kwanza kwa Notepad uisome, na ukikuta inataja faili ya .exe, ifute.

Jihadhari pia na viongezi vya kivinjari vinavyobadilisha kishale. Hivyo hufanya kazi ndani ya kurasa za wavuti tu, ukitoka nje kishale kinarudi kilivyokuwa, na vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data katika kila tovuti unayoitembelea, ikiwamo ya benki. Kwa maoni yangu, hiyo ni bei kubwa mno kwa ua.

SWALI: Mimi ni mtu mwenye ualbino na ninafanya kazi ya uhasibu. Weupe wa skrini huniumiza macho, na ule mstari unaowaka na kuzimika ninapoandika huwa siuoni kabisa kati ya safu za tarakimu. Nimeongeza ukubwa wa kishale lakini mstari haukubadilika. (Mhasibu, Mwanza)

JIBU: Ndugu mhasibu, mstari huo husimamiwa mahali pengine. Bonyeza Windows na U kama tulivyomweleza Mwalimu wa Morogoro, lakini safari hii chagua "Text cursor". Hapo utapata mambo mawili: unene wa mstari, ambao huenda hadi 20, na alama mbili za rangi zinazokaa juu na chini ya mstari ili jicho liupate upesi. Ziwashe, uzipe rangi usiyoitumia kwenye majedwali yako. Unene usipite 4 au 5, la sivyo mstari utafunika tarakimu iliyo mbele yake, na katika uhasibu 3 iliyofunikwa nusu husomeka 8.

Mng'ao hautatibiwa na kishale. Geuza mandhari ya Windows na ya programu unayotumia yawe meusi, kisha utumie kishale cheupe au cha njano kilichokuzwa. Njano niliyomkataza Mwalimu ukutani inakufaa wewe sana juu ya weusi. Na unapotaka kukagua tarakimu moja, bonyeza Windows pamoja na alama ya kujumlisha, na kioo cha kukuzia kitafuata kishale kokote kiendako. Windows na Esc hukifunga.

SWALI: Ninatumia Ubuntu. Nimetengeneza seti yangu ya vishale, lakini katika baadhi ya madirisha inaonekana na katika mengine kinarudi kile cha zamani. Nifanye nini? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Nairobi)

JIBU: Kwa kuwa umefika hapo, bila shaka unaifahamu xcursorgen, programu ya kutengenezea vishale, ambayo hupokea faili ya maandishi yenye mistari ya namna ya 32 4 2 kishale.png, yaani ukubwa, nukta ya kubofya kutoka kushoto, nukta ya kubofya kutoka juu, na jina la picha. Kilichobaki ni majina na njia.

Majina kwanza. Linux, ambayo Ubuntu ni mojawapo ya matoleo yake, haina orodha fupi ya hali 17 kama Windows; kila programu huita kishale kwa jina inalolijua yenyewe. Moja itaomba left_ptr, nyingine default, nyingine arrow, na zote zinamaanisha kishale kile kile cha kawaida. Seti iliyokomaa huwa na picha chache halisi na viungo vingi vya ishara vinavyoelekeza majina ya ziada kwenye picha hizo. Fungua folda ya cursors ya seti yoyote iliyokuja na Ubuntu ndani ya /usr/share/icons, uone jinsi viungo vyake vilivyopangwa, na uvinakili kwenye yako.

Njia pili. Seti ikae katika .local/share/icons au .icons ndani ya folda yako ya nyumbani, ikiwa na index.theme yake. Kisha, ndani ya .icons, tengeneza folda iitwayo default yenye index.theme yenye mstari wa Inherits unaotaja jina la seti yako, ili programu zisizouliza mazingira ya GNOME, yaani yale yanayosimamia madirisha ya Ubuntu, nazo ziipate. Ukishaichagua seti katika GNOME Tweaks, toka kwenye akaunti na uingie tena. Programu zilizosakinishwa kwa Snap au Flatpak huishi ndani ya uzio wao na mara nyingi hazizioni folda zako. Usipoteze usiku mzima kwa ajili ya hizo.

SWALI: Tunatengeneza tovuti ya kikundi chetu cha wafugaji nyuki. Tungependa kishale kigeuke nyuki mgeni anapoingia. Inawezekana? (Katibu wa kikundi, Tabora)

JIBU: Inawezekana kwa mstari mmoja wa CSS, lugha inayopanga mwonekano wa kurasa za wavuti: cursor: url(nyuki.png) 2 2, auto, ambapo namba mbili ni ile nukta ya kubofya tuliyoieleza juu, na neno auto la mwisho ni la lazima, kwani bila hilo kivinjari hupuuza mstari wote. Picha isizidi pikseli 128 kwa 128, maana kubwa kuliko hapo hukataliwa na vivinjari. 32 ndiyo inayofaa. Nyuki wenu hatapiga mbawa, kwa sababu vivinjari vya sasa havichezeshi faili za .ani.

Lakini, ndugu Katibu, wageni wenu wengi watafika kwa simu, na kwenye simu hakuna kishale. Mwekeni nyuki kwenye ukurasa wa asali peke yake kama mapambo, na nguvu iliyobaki ielekezwe kwenye picha za mizinga na bei.

SWALI: Kila nikibadilisha picha ya ukutani ya kompyuta, vishale vyangu vinapotea. (Tanga)

JIBU: Bila shaka hubadilishi picha peke yake bali mandhari nzima. Fungua main.cpl, na chini kabisa ya kichupo cha "Pointers" ondoa alama kwenye kisanduku kinachoruhusu mandhari zibadilishe vishale. Rudisha seti yako kwa jina ulilolihifadhi nalo.

SWALI: Kwenye Mac sipati mahali pa kuweka picha yangu mwenyewe kama kishale. (Mchoraji, Dar es Salaam)

JIBU: Hupati kwa sababu hapajawekwa. Tangu toleo la Monterey la mwaka 2021, Mac hukuruhusu kubadilisha rangi ya ndani na ya ukingo wa kishale, pamoja na ukubwa wake, katika sehemu ya "Accessibility", chini ya "Display". Ukikipoteza, tikisa kipanya haraka huku na huku, nacho kitavimba kwa muda mfupi. Zipo programu za watu wengine zinazodai kuvuka mpaka huo, ila hutegemea njia zisizo rasmi ambazo sasisho lolote la mfumo linaweza kuzivunja, na kwa kompyuta unayofanyia kazi ya wateja nisingekushauri uzitumie.

SWALI: Ninaandaa mwongozo wa kompyuta kwa ofisi yetu. Nikipiga picha ya skrini, kila kitu kinatokea isipokuwa kishale. Kwa nini? (Karani, Dodoma)

JIBU: Kishale kwa kawaida hakichorwi pamoja na madirisha. Kadi ya picha hukiweka juu ya skrini kama tabaka la pekee, ili kiweze kusogea bila ukurasa wote kuchorwa upya kila mkono unapotikisika, na kitufe cha kupiga picha hunakili kilicho chini ya tabaka hilo. Kwa mwongozo wako, tengeneza faili moja ya PNG ya kishale kikubwa chenye ukingo mweusi, uibandike juu ya kila picha mahali panapohusika. Itakuwa bora kuliko kishale halisi, kwa sababu utakiweka pale unapotaka na kwa ukubwa utakaosomeka ofisi itakapokuchapishia mwongozo huo kwa wino mweusi.